Sura ya Tano: Aliyevunjiwa Amani

Kila linapotokea jambo zito katika wilaya za mpakani, kuna kauli moja ambayo viongozi hawakosi kuitoa: wananchi waondoe hofu. Hutolewa baada ya majambazi kuteka basi, baada ya tetesi za ugonjwa usio na jina, baada ya milio ya risasi kusikika ng'ambo ya mto. Anayeitoa mara nyingi ana nia njema na pengine ndiyo kauli pekee aliyonayo kwa saa hiyo. Hata hivyo kauli hiyo imebeba dai ambalo halijapimwa. Inadai kwamba hofu ni kitu cha mwananchi mwenyewe, kilichomo kifuani mwake, na kwamba akiamua anaweza kukitoa na kukiweka kando. Katika sura hii nitatetea rai iliyo kinyume: kwamba hofu ya jamii, kwa sehemu kubwa, ni hali ambayo watu huingizwa, na kwamba anayetaka iondoke hana budi kuuliza ni nani au ni nini kilichowaingiza. Ushahidi mkuu utatoka Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za Kagera ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa moja, zenye Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini. Lakini shahidi wa kwanza anatoka mbali zaidi. Ni neno la Kiingereza afraid, ambalo kila mwanafunzi wa sekondari kule Kayanga au Nkwenda amewahi kulijaza kwenye nafasi iliyoachwa wazi bila kuambiwa lilikotoka.

Neno hili lina tabia ya pekee. Kwa Kiingereza unaweza kusema a brave man, mtu jasiri, au a frightened man, mtu aliyetishika, lakini huwezi kusema an afraid man. Afraid haikai mbele ya nomino. Husubiri kitenzi kipite kwanza: the man is afraid. Kwa sura linafanana na asleep na alive, nayo hukaa vivyo hivyo, ila kwa nasaba si ndugu zao. Afraid si kivumishi cha kuzaliwa. Lilianza kama umbo la kutendwa la kitenzi ambacho leo Waingereza karibu wamekisahau, affray, kilichomaanisha kushtua, kuvuruga, kushambulia. Katika Kiingereza cha karne ya 14, aliyekuwa afraid alikuwa mtu aliyetendwa jambo. Kulikuwa na mtendaji, kukawa na tendo, naye akabaki akiwa mtendwa. Kadiri karne zilivyopita kitenzi kilififia, mtendaji akatoweka kwenye sentensi, na likabaki neno moja linaloonekana kama sifa ya mtu, kama vile urefu au upole.

Ukizidi kurudi nyuma, mambo yanakuwa mazito zaidi. Kitenzi hicho kiliingia Uingereza pamoja na Kifaransa cha Wanormani, walioiteka nchi hiyo mwaka 1066. Kwa Kifaransa cha kale kilikuwa esfreer, na leo Wafaransa husema effrayer wakimaanisha kutisha. Wanaisimu wamefuatilia mizizi yake hadi kwenye Kilatini cha mitaani, katika umbo ambalo halikuandikwa popote ila limejengwa upya kwa kulinganisha lugha: exfridare. Ex ni nje, au kutoka. Sehemu ya pili ni ya Wafranki, kabila la Kijerumani lililotawala nchi ya Wagaulo baada ya Roma kuanguka. Kwao frithu ilikuwa amani. Kutisha mtu, basi, kulikuwa kumtoa nje ya amani. Neno hilo la amani halijafa. Wajerumani wanalo katika Frieden. Watu wa Kagera nao wanalo bila kulijua, kwa sababu daftari za ubatizo za Wakatoliki na Walutheri zimejaa majina yaliyolibeba tumboni: Godfrey ni amani ya Mungu, Fredrick ni mtawala wa amani, na Wilfred na Winfrida nao wana frithu ile ile. Mama anayemwita mwanawe Godfrey shambani Nyaishozi anatamka, bila kukusudia, nusu ya neno afraid, na ni ile nusu njema.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kucheza na maneno. Ushahidi wa sheria unawajibu. Mwaka 1328, chini ya Mfalme Edward III, bunge la Uingereza lililokutana Northampton lilipitisha sheria ya kuwakataza watu kutembea na silaha kwa namna ya kuleta affray ya amani. Katika sheria hiyo maneno mawili, kushtua na amani, yamesimama bega kwa bega, na kosa lililokusudiwa ni kuivunja amani ambayo mfalme aliwaahidi raia wake. Kosa la affray likaendelea kuishi katika sheria za Kiingereza, likasafiri na ukoloni, likaingia katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930, ambayo ndiyo Sura ya 16 ya sheria zetu mpaka leo. Humo linamaanisha kupigana hadharani. Kiswahili cha polisi na mahakama, kwa upande wake, kimejitengenezea msemo ambao kila msikilizaji wa redio anaujua: uvunjifu wa amani. Waliouunda hawakuwa wakifikiria Wafranki hata kidogo, lakini wamefika mahali pale pale. Kama ningetakiwa kulifafanua neno afraid kwa Kiswahili kwa kufuata asili yake, ningesema ni mtu aliyevunjiwa amani.

Neno jingine la Kiingereza la hofu, fear, linatoa ushahidi unaofanana. Katika Kiingereza cha kale, fær halikuwa jina la hisia. Lilikuwa jina la hatari ya ghafla, janga linalomwangukia mtu. Kijerumani kimeibakiza maana hiyo katika Gefahr, yaani hatari. Ilichukua karne kadhaa neno kuhama kutoka kwenye jambo lililo nje ya mtu hadi kwenye mapigo ya moyo wake. Kutokana na fær Waingereza walikuwa na neno afeard, ambalo Shakespeare alilitumia pamoja na afraid, kabla halijatupwa na kuachwa kwa watu wa vijijini. Maneno mawili ya asili tofauti kabisa, moja la Kifranki na jingine la Kiingereza chenyewe, yote mawili yalianza nje ya mtu na kuishia ndani yake. Sioni sababu ya kuliita hilo sadfa.

Nasi tunalo la kwetu. Hofu tumeipokea kutoka Kiarabu, na amani vilevile. Katika Kurani, sura fupi ya Quraish inataja mambo mawili ambayo kabila lile lilikingwa nayo: njaa na hofu. Mzizi unaotumika humo kwa ile kinga dhidi ya hofu ndio mzizi uliotupa amani. Kwa hiyo Kiswahili kilipopanda bara na misafara ya pembe za ndovu, kikafika hadi Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili karibu na ikulu ya Bweranyange, kilikuwa tayari kimebeba maneno hayo mawili kama jozi, moja likiwa kinyume cha jingine. Lakini wenyeji hawakuwa wakisubiri msafara uwafundishe kuogopa. Runyankore, lugha ya ng'ambo ya mto inayoelewana vizuri na Runyambo ya Karagwe, husema okutiina. Kinyarwanda husema gutinya. Luganda husema okutya, na Kiswahili cha kale kina kucha, tunayoikuta katika mcha Mungu na katika kuchelea. Ni mzizi mmoja wa Kibantu uliogawanyika. Luganda pia ina okutiisa, kumfanya mtu aogope, na ukiiweka kando ya kutisha ya kwetu undugu wao unaonekana. Jambo la kuzingatia ni kwamba kitenzi cha Kibantu hukubali kuongezewa kiambishi kinachomtaja msababishi. Josephat Rugemalira, mwanaisimu aliyeandika sarufi ya Runyambo iliyotoka mwaka 2005, alikuwa ameifanyia utafiti minyambuliko ya aina hiyo katika tasnifu yake ya mwaka 1993. Lugha zetu, tofauti na Kiingereza cha leo, zimeuacha mlango wazi: ukitaka kumtaja anayetisha, kiambishi kipo.

Pingamizi la kwanza ni la haki na linahitaji kujibiwa. Asili ya neno si maana yake. Mwingereza anayesema anaogopa mbwa hafikirii amani ya Wafranki, na hakuna lugha inayoweza kuamua jinsi ulimwengu ulivyo kwa sababu tu ya historia ya herufi zake. Nakubali. Lau ningekuwa na etimolojia peke yake, sura hii ingekuwa aya mbili. Neno la kale ninaliita kama shahidi, silipi kiti cha hakimu. Linashuhudia kwamba watu walioishi katika zama za uvamizi, watu walioona vijiji vyao vikichomwa, waliitazama hofu kama jambo lililotendwa. Swali linalofuata ni kama ushuhuda wao unalingana na kile kilichowapata watu wa ukingo wa mto Kagera. Hapo hatutegemei tena kamusi.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania, na mwanzoni mwa Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini mwa mto Kagera imekuwa ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Inakadiriwa kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa, mifugo ikaswagwa, nyumba zikaporwa. Eneo lililotekwa liko hasa katika wilaya ambayo leo ni Missenyi, jirani wa Karagwe, na mkoa wote, ulioitwa Ziwa Magharibi wakati ule, ulitikisika. Tazama sasa namna Julius Nyerere alivyolizungumzia jambo hilo tarehe 2 Novemba. Hakuwataka watu wa Kagera waondoe hofu. Alimtaja aliyewavamia, akasema kuna sababu ya kumpiga, kuna nia na kuna uwezo. Katika hotuba ile hofu ya wananchi haikufanywa udhaifu wao. Ilikuwa ushahidi wa kosa la mtu mwingine, na dawa yake ilikuwa kumwondoa huyo mtu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mkoa ukapewa jina la mto wenyewe. Gharama ilikuwa kubwa, uchumi wa nchi ulichechemea kwa miaka mingi baadaye, na wapo wanaojadili hadi leo kama vita vilipaswa kufika mbali kiasi hicho. Lakini kwa suala tunalolijadili hapa, kauli ya 1978 ilikuwa na sarufi sahihi: ilikuwa na mtendaji.

Mwaka 1994 hali ilikuwa tata kuliko hapo. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Rwanda mwezi Aprili, mto Kagera uliwafikishia wakazi wa kingo zake habari kabla ya redio. Miili ilishuka na maji, ikapita mipaka ya nchi tatu, ikaingia Ziwa Victoria, na upande wa Uganda maelfu walizikwa na watu wasiowajua. Kandokando ya ziwa watu waliacha kula samaki. Mwishoni mwa Aprili, ndani ya muda wa siku moja hivi, umati unaokadiriwa kufikia watu robo milioni ulivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, kabla haujatawanyika katika kambi. Karagwe nayo ikapata kambi zake, Kagenyi, Chabalisa, Omukariro, Rubwera. Ni nani aliyekuwa akiogopa katika kambi hizo, na aliogopa nini? Walikuwamo waliokimbia vita. Walikuwamo walioua, wakiogopa hukumu. Wengi sana hawakuwa hawa wala wale. Walikuwa wakulima waliotembea na kijiji kizima kwa sababu viongozi wao walitembea. Na humo kambini viongozi hao hao waliendelea kuwaambia kwamba anayerudi Rwanda atauawa, kwa kuwa bila umati wao wenyewe wasingekuwa na ngao wala chakula cha msaada cha kugawa. Hofu ilikuwa ikitunzwa kwa makusudi, ikipaliliwa kama shamba. Serikali ya Tanzania na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilipotangaza Desemba 1996 kwamba wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, wakimbizi wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya Tanzania kabla ya kugeuzwa na askari. Waliokuwa wakiwaambia waondoe hofu hawakuaminika, kwa sababu aliyeitia hofu hiyo alikuwa bado yuko kati yao.

Wenyeji nao walikuwa na hofu yao, na ingekuwa dhuluma kuipita kimya. Miti ilikatwa hadi vilima vikabaki uchi, mashamba ya migomba yakaibiwa mikungu, silaha zikazagaa. Miaka mingi baada ya kambi kufungwa, mabasi yalipita mapori ya Biharamulo kwa msafara wenye askari wa kusindikiza. Abiria aliyeketi ndani ya basi hilo akitazama vichaka hakuwa mwoga. Alikuwa ameuelewa vizuri uhusiano wake na barabara ile.

Hapa ndipo inapokuja hoja ya wale wanaoiona hofu kama suala la tabia. Kuna watu waoga na kuna watu jasiri, watasema; wawili wanaweza kupita pori moja, mmoja akatetemeka na mwingine akapiga mluzi. Ni kweli. Lakini tofauti hiyo ya mtu na mtu haielezi kwa nini tarafa nzima inaacha kusafiri usiku. Tabia hugawanyika katika jamii siku zote kwa namna ile ile, ilhali hofu ya jamii hupanda na kushuka kwa tarehe zinazojulikana: 1978, 1994, 1996. Kitu kinachopanda na kushuka hivyo hakiwezi kuelezwa kwa kitu kisichobadilika. Isitoshe, hekima ya Kiswahili haijawahi kumdharau mwoga kama watu wanavyodhani. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: methali hiyo haimlaumu anayeshtuka wala haimtaki aache. Inaanza na nyoka.

Pingamizi zito zaidi kuliko hayo yote linatoka ndani ya lugha za mto wenyewe. Ikiwa hofu ni kuvunjiwa amani, mbona katika lugha hizo heshima imezaliwa na kuogopa? Runyankore huiita heshima ekitiinisa, na Luganda ekitiibwa, kutokana na kile kitenzi cha kuogopa. Mbunge wa Uganda huitwa Owekitiibwa, mwenye kuogopwa kwa tafsiri ya neno kwa neno. Kinyarwanda kina igitinyiro. Kiswahili kina uchaji, ambao hakuna anayeuhesabu kuwa janga. Je, si wazi kwamba kwa watu wa ukanda huu hofu ndiyo nguzo ya amani: hofu ya mfalme, ya wazee, ya Mungu? Nimelitafakari pingamizi hili kuliko mengine, na naona lina nusu ya ukweli. John Hanning Speke alipofika Karagwe Novemba 1861 alimkuta Rumanyika, mfalme wa ukoo wa Wahinda ambaye jina lake limepewa hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 2019. Rumanyika alimsimulia kwamba baada ya kifo cha baba yao Ndagara, ndugu walishindania kiti, na kwamba mrithi halali alitambuliwa kwa kuinua ngoma ndogo ambayo wasiostahili hawakuweza kuisogeza. Hata hivyo ndugu mmoja, Rogero, alipigana naye baadaye. Ngoma ile ilikuwa na ekitiinisa tele. Lakini kucha ni kwa namna gani? Anayemcha mfalme au Mungu anajua mipaka ilipo. Anajua akikaa ndani yake yu salama. Kicho cha aina hiyo kinamweka mtu mahali pake. Hofu ya 1978 au ya 1994 ilimng'oa, hata asijue akae wapi ili aokoke. Speke, ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu Waafrika na aliandika mengi yenye dharau, alimwona Rumanyika kuwa mtu mpole na mkarimu, na tofauti kati ya ikulu yake na ile ya Mutesa wa Buganda aliyoifikia miezi michache baadaye, ambako watu waliuawa kwa amri ya dakika moja, imejaa katika kitabu chake. Wafalme wote wawili walichwa. Ni mmoja ambaye watu wake hawakujua leo itakuwaje. Kwa hiyo neno moja la Kibantu limebeba hali mbili, na hali moja inapogeuka kuwa nyingine watu huijua mara moja, hata kama kamusi haina neno la kuitenganisha.

Wapo pia watakaouliza juu ya hofu isiyo na mtendaji. Virusi havina nia. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa Marburg katika wilaya ya Bukoba, ambao uliwapata watu 9 na kuwaua 6. Hapakuwa na Amin wa kumpiga. Lakini ugonjwa nao humtoa mtu kwenye amani yake kwa njia za wazi: humnyima kushikana mkono, humnyima msiba wa kuzika ndugu kama inavyopasa. Tena namna ulivyomalizika ni somo. Mlipuko haukutangazwa kwisha kwa sababu watu walikuwa wametulia. Ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni baada ya siku 42 kupita bila mgonjwa mpya, kwa hesabu ambayo yeyote angeweza kuifuatilia. Siku 42 ni mara mbili ya muda mrefu kabisa ambao virusi hivyo huweza kujificha mwilini. Hiyo ni amani iliyorudishwa kwa kazi, na hofu ikaondoka yenyewe kwa kuwa haikuwa tena na la kufanya.

Tukirudi kidogo kwenye matumizi, Kiingereza cha leo kimeifikisha safari ya neno hili mahali pa ajabu. I'm afraid the doctor is not in, husema mhudumu, na haogopi chochote. Neno la watu waliochomewa vijiji limekuwa adabu ya kukataa, na wanaotafsiri kwa pupa huandika kwamba mhudumu anaogopa daktari hayupo, wakati Kiswahili kingesema tu samahani au kwa bahati mbaya. Sitalaumu lugha kwa kubadilika. Nataja jambo hili kwa sababu linaonyesha mwisho wa njia: mtendaji alitoweka kwanza, halafu mtendwa, halafu hofu yenyewe, likabaki ganda la heshima. Kauli ya wananchi waondoe hofu iko katikati ya njia hiyo hiyo. Mtendaji ameshatoweka. Mtendwa bado yupo, ila amegeuzwa kuwa mwenye kosa, kwa maana anaamriwa aache kitu.

Jambo hili si la kisarufi tu, na Operesheni Kimbunga ndiyo inayoonyesha uzito wake. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili za kuondoka au kuhalalisha ukaaji wao, na Septemba operesheni ikaanza katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Lengo lililotajwa lilikuwa usalama, na hakuna anayejua habari za yale mabasi ya kusindikizwa atakayelibeza. Wakazi wengi waliishangilia, wakiwa wamechoshwa na ujambazi. Lakini Karagwe na Kyerwa ni mahali ambapo koo zimeoleana kuvuka mto kwa vizazi vingi, ambapo lafudhi ya mtu haisemi alizaliwa upande gani. Maelfu walivuka kwenda Rwanda, wakiwamo walioishi Tanzania kwa miongo kadhaa, na familia zikagawanyika, mume huku, mke na watoto kule. Kwa hiyo operesheni iliyokusudiwa kuondoa hofu moja ilizalisha nyingine, ile ya kuulizwa wewe ni wa wapi na kukosa karatasi ya kujibu. Mpaka leo waombaji wa kitambulisho cha taifa katika wilaya za mpakani hupitia mahojiano marefu kuliko wenzao wa mikoa ya ndani, na wengine husubiri sana.

Mtu anaweza kuuliza kama kiongozi wa wilaya ana uwezo wa kurudisha amani ambayo imevunjwa na majeshi, virusi na siasa za nchi jirani. Hana uwezo wa kuirudisha yote, na hakuna anayemdai hivyo. Anaweza kuitaja. Anaposimama mbele ya watu wa Murongo au Bweranyange baada ya tukio, anaweza kuwaambia kilichotokea, nani anashukiwa na nani amekamatwa, doria ngapi zimewekwa na zitakaa hadi lini, ofisi gani itapokea malalamiko ya aliyesumbuliwa na askari wa doria hizo, na lini atarudi kutoa taarifa nyingine. Kwa yule anayesubiri kitambulisho, anaweza kutaja tarehe ambayo jibu litatolewa, liwe la kukubaliwa au la kukataliwa, na mahali pa kukata rufaa. Hotuba ya namna hiyo ni ndefu kuliko ile kauli ya siku zote, na baadhi ya maswali yake yatamlazimu aseme kwamba taarifa bado haijafika.